Kufuatilia Simu za Wafungwa kwa Utambuzi wa Sauti: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Mfumo Gerezani Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa gereza anayefikiria kununua mfumo, fundi atakayeufunga, afisa wa ustawi ambaye ndiye anayewapigisha wafungwa simu kila siku, na wakili ambaye mteja wake atakutana nao. Hapa Mombasa fikra huelekea moja kwa moja Shimo la Tewa, ambako kuna gereza la wanaume, gereza la wanawake na taasisi ya Borstal ya kurekebisha wavulana. Taasisi hizo hazifanani: wavulana wa Borstal, kwa mfano, wanaachwa nje ya mfumo, kwa sababu zilizoelezwa hapa chini. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: mashine ya kutambua sauti inafaa kumwonyesha afisa mahali pa kutega sikio, na haifai kutoa uamuzi wowote juu ya mtu. Mpangilio wa hatua zote unatokana na msimamo huo.

Kwanza elewa mashine inafanya nini

Wauzaji wa mifumo hii hukusanya kazi tatu ndani ya jina moja, na mnunuzi asipozitenganisha atalipia asichokihitaji. Kazi ya kwanza ni kujua anayezungumza ni nani. Ya pili ni kugawa mazungumzo, yaani kujua sekunde zipi ni za mfungwa na zipi ni za mtu wa upande wa pili. Ya tatu ni kugeuza maneno kuwa maandishi ili yaweze kutafutwa. Kila kazi ina programu yake na makosa yake, na programu inayofanya vizuri katika kazi moja inaweza kuboronga kabisa katika nyingine.

Kazi ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi kisheria, kwa hiyo inafaa kujulikana kwa undani kidogo. Simu ya kawaida hubeba sauti iliyo kati ya hezi 300 na 3,400, ikipimwa mara 8,000 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya utajiri wa sauti ya binadamu huachwa nje ya mipaka hiyo. Programu huikata sauti hiyo katika vipande vidogo vya takriban milisekunde 25, hupima nguvu ya masafa mbalimbali ndani ya kila kipande, kisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofunzwa kwa sauti za maelfu ya watu huyageuza mazungumzo yote kuwa safu ya namba, mara nyingi 192 au 512. Safu hiyo huitwa kiolezo cha sauti. Mfungwa akipiga simu, kiolezo kipya hutengenezwa na kulinganishwa na kile kilichohifadhiwa, na jibu linalotoka ni kipimo cha mfanano. Mashine haisemi "ni yeye" wala "si yeye". Inatoa namba, na binadamu ndiye anayeweka kizingiti ambacho namba ikikivuka kengele hulia. Anayekiweka kizingiti hicho ameshaamua ni watu wangapi wasio na hatia watakaoshukiwa, hata kama hakuwaza hivyo alipokuwa akibonyeza.

Hatua ya 1: Andika tatizo kabla ya kuita muuzaji

Chukua karatasi moja na uandike ni jambo gani hasa linalotokea katika simu za gereza lako ambalo njia za kawaida zimeshindwa kulizuia. Matatizo ambayo teknolojia hii inaweza kuyagusa ni machache. Lipo la mfungwa kutumia namba ya siri ya mwenzake ili apige kwa watu aliokatazwa, kama vile shahidi wa kesi yake au mlalamishi. Lipo la mtu wa nje kuunganisha simu kwa mtu wa tatu asiyeruhusiwa. Na lipo la mfungwa dhaifu kunyang'anywa dakika zake na wababe wa wodi, jambo ambalo watu husahau kulitaja ingawa ndilo linaloipa teknolojia hii uhalali wa kibinadamu kuliko yote, kwa kuwa linamlinda mfungwa mwenyewe.

Kuna tatizo jingine kubwa ambalo mfumo huu hautaligusa hata kidogo, nalo ni simu za magendo. Ule ulaghai wa ujumbe wa "tuma kwa namba hii", au wa mtu anayekupigia akidai amekosea kutuma pesa kwa M-Pesa, ukifanywa kutoka gerezani hufanywa kwa kisimu kidogo cha mulika mwizi kilichopenyezwa ndani, ambacho hakipiti kwenye laini rasmi. Mfumo unaosikiliza laini rasmi hausikii chochote cha hicho. Ikiwa karatasi yako ina tatizo hilo peke yake, pesa zako ziende kwenye upekuzi na kwenye uadilifu wa wanaolinda lango.

Hatua ya 2: Pitia sheria, na uipitie kwa mpangilio huu

Anza na Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Ibara ya 51 inasema kwamba aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa kutekelezwa kwa kuwa amezuiliwa, na Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 ilitungwa kuifafanua ibara hiyo. Ibara ya 24 nayo inataka kila kikwazo cha haki kiwekwe na sheria, kiwe na sababu ya kuridhisha, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Kwa lugha ya kazi, hili linamaanisha kwamba ukiulizwa mahakamani kwa nini hukutosheka na afisa kukaa karibu na simu na kumtazama anayepiga, lazima uwe na jibu lililoandikwa kabla ya swali kuulizwa.

Kisha soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinapoeleza maana ya data ya kibayometriki kinataja utambuzi wa sauti kwa jina, pamoja na alama za vidole na vinasaba, na data ya kibayometriki ni miongoni mwa data nyeti. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kubishana kwamba kiolezo cha sauti ni namba tu za kompyuta. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe pale ambapo uchakataji unaweza kuhatarisha sana haki za watu, na ripoti yake iwasilishwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya uchakataji kuanza. Kifungu cha 35 kinampa mtu kinga dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine pekee ikiwa uamuzi huo unamwathiri kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 43 kinaweka saa 72 za kumwarifu Kamishna data ikivuja.

Tathmini ya athari si karatasi ya kujaza baada ya vifaa kufika bandarini. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa kwanza, na mradi ule ulikuwa wa serikali nzima. Mradi wa gereza moja usitarajie kuhurumiwa zaidi. Katika kuiandika, mhusishe mtu atakayesema kwa niaba ya wafungwa, mwakilishi wa mawakili wa Mombasa, na afisa wa afya wa gereza. Utashangaa afisa wa afya ana mengi ya kusema juu ya sauti za watu wanaougua.

Jambo la mwisho la sheria linahusu ridhaa. Muuzaji atakuambia kila mfungwa atatia saini fomu. Ridhaa ya mtu ambaye funguo za mlango wake ziko mfukoni mwako ina walakini, na hakimu yeyote makini ataliona hilo. Katika jimbo la New York, Marekani, habari zilizochapishwa mwaka 2019 zilieleza wafungwa walioambiwa kwamba wakikataa kutoa sampuli ya sauti watapoteza simu. Hiyo ni amri iliyovikwa kanzu ya ridhaa. Ni heri kuegemea msingi mwingine wa kisheria ulioandikwa wazi, kisha kuweka njia mbadala kwa anayekataa: apige simu akiwa mbele ya afisa, bila kiolezo. Kanuni za Nelson Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinataja katika kanuni ya 58 kwamba mfungwa awasiliane na familia na marafiki kwa vipindi vya kawaida. Mawasiliano hayo basi yasigeuzwe kuwa chambo cha kukusanyia data.

Wavulana wa Borstal waachwe nje ya mfumo moja kwa moja. Data ya mtoto chini ya kifungu cha 33 inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ulinzi wa ziada, na sauti ya kijana inayobaleghe hubadilika mno kiasi kwamba kiolezo cha Januari huenda kisifae Desemba. Sheria na fundi wanakubaliana hapa, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Hatua ya 3: Toa simu za mawakili kabla ya kuingiza simu nyingine yoyote

Hatua hii inatangulia vifaa kwa makusudi. Kanuni ya 61 ya Nelson Mandela inataka mfungwa azungumze na mshauri wake wa kisheria bila kunaswa na kwa siri kamili. Afisa anaweza kuwaona lakini asiwasikie. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inalinda mazungumzo kati ya wakili na mteja, na ibara ya 50 ya Katiba inairuhusu mahakama kuutupa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki. Simu moja ya wakili ikirekodiwa, inaweza kuibomoa kesi ambayo upande wa mashtaka ulikuwa umeijenga kwa miaka.

Kosa la kawaida ni kurekodi kila kitu kisha kuahidi kutosikiliza zile za mawakili. Novemba 2015 jarida la mtandaoni The Intercept liliripoti kuvuja kwa kumbukumbu zaidi ya milioni 70 za simu za wafungwa wa Marekani zilizopitia kampuni ya Securus, na katika uchambuzi wake likakuta mazungumzo yasiyopungua 14,000 kati ya wafungwa na mawakili. Ahadi ya kutosikiliza haikuwasaidia wale mawakili.

Fanya hivi. Weka kifaa cha simu cha peke yake, chenye waya wake, ambacho hakipitii kwenye kinasa sauti hata kwa bahati mbaya. Hicho ndicho cha mawakili. Orodha ya namba za mawakili ithibitishwe kwa kulinganishwa na daftari la mawakili walio na leseni ya mwaka husika, na ifanyiwe marekebisho kila mwezi, kwa kuwa mawakili hubadili namba kama watu wengine. Ikitokea mfungwa akampigia wakili kwa simu ya kawaida, mfumo uitambue namba na usitishe kurekodi wenyewe. Zijumuishe pia namba za Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na za Ofisi ya Mtetezi wa Umma (Ombudsman), kwa sababu malalamiko dhidi ya gereza hayapaswi kusikilizwa na gereza. Kisha jaribu: mwombe wakili apigiwe kwa kila kifaa, na fundi atafute rekodi yake. Akiipata, simamisha mradi mpaka sababu ijulikane.

Hatua ya 4: Chumba na vifaa

Rekodi kila upande wa simu katika mkondo wake, mfungwa kulia na mtu wa nje kushoto. Uamuzi huu mmoja mdogo huondoa nusu ya shida za kugawa mazungumzo, na pia hukuwezesha kukichakata kiolezo cha mfungwa bila kuigusa sauti ya mkewe. Hifadhi faili bila kuzibana kwa njia inayopoteza ubora. Hesabu si ya kutisha: mikondo miwili kwa kiwango cha simu ni baiti 16,000 kwa sekunde, kwa hiyo simu ya dakika 10 ni takriban megabaiti 9.6. Gereza lenye simu 300 kwa siku litajaza gigabaiti 3 hivi, na siku 90 zitaingia ndani ya diski moja ya terabaiti 1 na nafasi ibaki. Anayekuambia huwezi kuhifadhi data hii mwenyewe, na kwamba lazima iende kwenye seva zake ng'ambo, anajitafutia biashara. Mombasa ndiko nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zilikotia nanga tangu 2009, na intaneti si tatizo letu; lakini urahisi wa kutuma data nje si sababu ya kuituma, na sheria ya 2019 ina masharti yake juu ya kuvusha data nyeti mpaka.

Hewa yetu ya chumvi inakula viunganishi vya shaba, na unyevu wa msimu wa kusi huingia kwenye maikrofoni za bei rahisi hadi sauti ikaanza kukwaruza. Weka seva ndani ya chumba chenye kiyoyozi na betri ya akiba, na ubadilishe vipokezi vya simu kabla havijachakaa, kwa kuwa kipokezi kilichochakaa hubadilisha kiolezo cha kila anayekitumia. Feni ya dari juu ya kibanda cha simu iondolewe au isogezwe. Saa ya seva ilandane na saa sahihi ya mtandao. Rekodi isiyojulikana ni ya saa ngapi haina kazi mahakamani.

Hatua ya 5: Kusajili sauti

Sajili kwa simu ile ile ambayo mfungwa ataitumia baadaye. Sampuli iliyochukuliwa kwa maikrofoni nzuri ya ofisini hulinganishwa vibaya na sauti ya simu. Lenga angalau dakika moja ya usemi halisi baada ya kuondoa kimya, na uichukue katika siku tatu tofauti, kwa sababu sauti ya mtu aliyeamka na mafua si ile ya wiki iliyofuata. Usimpe mtu karatasi asome. Wapo wasiojua kusoma, na anayejua hubadilisha lafudhi akisoma. Mwambie aeleze namna ya kupika chakula anachokipenda, au njia ya kutoka kwao hadi Likoni feri. Usimuulize chochote juu ya kesi yake. Mahabusu bado hajahukumiwa, na sampuli ya sauti isigeuke kuwa mahojiano.

Mweleze kwa lugha anayoielewa vizuri, Kigiryama au Kidigo ikibidi, mambo haya: sauti yake itatumika kwa nini, nani ataifikia, itafutwa lini, na atalalamika wapi. Mpe nakala.

Watu wa nje wasisajiliwe. Mifumo fulani huko Marekani imekuwa ikichanganua hata sauti za wanaopigiwa, ili kujua ni mtu gani anayezungumza na wafungwa wengi. Mama anayepokea simu ya mwanawe akiwa sokoni Kongowea hajashtakiwa kwa lolote. Anachostahili ni tangazo fupi la Kiswahili mwanzoni mwa kila simu, likimwambia kwamba simu inatoka gerezani na inarekodiwa, pamoja na nafasi ya kukata kabla mazungumzo hayajaanza.

Hatua ya 6: Pima kwa sauti za hapa, kisha weka kizingiti

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua ikiwa mfumo una maana. Programu nyingi za kutambua msemaji zimefunzwa kwa Kiingereza na lugha chache kubwa. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani imekuwa ikiendesha majaribio ya ulinganisho wa mifumo hii tangu 1996, na mojawapo ya mafunzo ya kudumu ni kwamba lugha, kifaa na laini vikibadilika makosa huongezeka. Kwa hiyo usikubali asilimia iliyoandikwa kwenye kijitabu cha muuzaji. Kusanya watu wa kujitolea, maafisa kwa mfano, wa Kimvita, Kiamu, Kibajuni, Kigiryama, Kiduruma na Kikamba, wanaume na wanawake, na uwarekodi kwa simu za gereza. Waingize ndugu wa tumbo moja ikiwezekana, kwani sauti za ndugu hukaribiana na ndizo zinazoisumbua mashine. Kisha hesabu mambo mawili: mara ngapi mashine ilimkataa mtu ambaye ndiye, na mara ngapi ilimkubali mtu asiye yeye. Hesabu kwa kila kundi peke yake. Wastani wa jumla huficha kundi linaloonewa.

Sasa amua namna ya kulinganisha. Njia salama ni kulinganisha sauti na kiolezo kimoja tu, cha mwenye namba ya siri iliyotumika. Njia nyingine ni kuitafuta sauti katika hifadhidata nzima, na hapo hesabu hugeuka. Chukulia mashine hukosea mara moja katika ulinganisho 1,000, kiwango ambacho muuzaji atakisifu. Ukiilinganisha kila simu na violezo 1,000, uwezekano wa kupata angalau jina moja la uongo ni karibu asilimia 63. Zaidi ya nusu ya simu zote zingemtaja mtu asiyehusika. Utafutaji wa hifadhidata nzima basi ufanywe kwa nadra, kwa uchunguzi uliokwisha kufunguliwa kwa sababu nyingine, na kwa kibali cha maandishi.

Hata njia salama ina kengele za uongo. Katika simu 300 kwa siku, kosa la asilimia 1 huleta kengele 3 hivi zisizo na msingi. Ikiwa simu za kweli zenye udanganyifu ni 2, basi kati ya kengele 5 za siku hiyo nyingi ni za uongo. Afisa anayezipokea lazima aijue hesabu hii kwa moyo, vinginevyo ataanza kuiamini skrini kuliko masikio yake.

Jaribu pia udanganyifu wenyewe. Cheza sauti iliyorekodiwa mbele ya kipokezi uone kama mfumo unaikubali, na sauti iliyotengenezwa na kompyuta vilevile. Watafiti wamekuwa na mashindano maalumu ya kugundua udanganyifu huo tangu 2015, yanayoitwa ASVspoof, na muuzaji mzuri anayajua.

Hatua ya 7: Maandishi na maneno ya kutafutwa

Ushauri wangu ni kuiahirisha kazi hii kwa mwaka mzima, na ikiwezekana kuiacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mifumo mitano ya makampuni makubwa ya Marekani na kukuta kwamba ilikosea maneno 35 katika kila 100 kwa Wamarekani weusi, ilhali kwa weupe ilikosea 19. Hao wote walikuwa wakizungumza Kiingereza. Hapa kwetu mzungumzaji huanza kwa Kiswahili, akachomeka Kigiryama, akamalizia kwa Kiingereza cha shuleni au Sheng, yote katika pumzi moja. Mzee wa Mji wa Kale atasema ndia na mato pale ambapo programu iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu inasubiri njia na macho. Programu hizo pia zina tabia ya kuzua. Utafiti mmoja wa mwaka 2024 juu ya Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, uligundua kwamba karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vilipewa maneno au sentensi ambazo hazikusemwa na mtu yeyote.

Orodha za maneno ya hatari ndizo mtego mkubwa zaidi. Neno unga Mombasa ni chakula cha jioni na pia ni heroini. Mzigo katika mji wa bandari ni riziki ya nusu ya watu. Ukiziweka katika orodha, utasikiliza kila familia inayolalamikia bei ya sima na kila kuli wa Changamwe. Na yule mwenye jambo la kuficha? Huyo amelelewa pwani, ambako fumbo ni sanaa ya kila siku, na hatatumia neno lililo katika orodha yako.

Hatua ya 8: Kengele ikilia

Afisa wa kwanza asikilize kwa sikio lake mwenyewe, akilinganisha na sampuli ya usajili, na aandike anachokisikia kabla ya kuangalia kipimo cha mashine. Afisa wa pili, asiyeambiwa maoni ya wa kwanza, afanye vivyo hivyo. Wakitofautiana, suala lifungwe hapo. Wakikubaliana kwamba aliyepiga si mwenye namba, mwenye namba aitwe na aulizwe kwanza kama alilazimishwa kuitoa namba yake, kwa kuwa mara nyingi aliyetajwa na mfumo ndiye aliyeonewa. Ampe afisa maelezo yake kabla ya hatua yoyote ya nidhamu, na asinyimwe simu ya familia wakati suala linachunguzwa.

Jambo likifika mahakamani, Shanzu au kwingineko, kumbuka kwamba rekodi ya kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotiwa saini na anayeusimamia mfumo. Ili cheti hicho kiwe na nguvu, kila faili ipigiwe hesabu ya utambulisho ya SHA-256, yaani namba inayobadilika faili ikiguswa, mara tu simu inapokatika, namba hiyo ihifadhiwe kwenye daftari tofauti, na kila aliyeifungua faili aandikwe jina na saa. Kinachopelekwa mahakamani kiwe rekodi yenyewe na ushahidi wa aliyeisikiliza. Kipimo cha mfanano kikitajwa, kitajwe pamoja na viwango vya makosa ulivyovipata katika hatua ya 6, na upande wa utetezi upewe nafasi ya kuvichunguza.

Hatua ya 9: Kuhifadhi, kufuta na mkataba

Simu zisizohusika na uchunguzi zifutwe baada ya siku 90. Kiolezo kifutwe siku mfungwa anapoachiliwa, na akihamishiwa gereza lingine kisimfuate mpaka gereza hilo liwe na tathmini yake. Ufutaji ufanywe na programu kwa ratiba, na uwe na orodha inayokaguliwa kila robo ya mwaka na mtu kutoka nje ya gereza.

Mkataba na muuzaji useme kwa maneno yasiyopindika kwamba sauti za wafungwa hazitatumika kuifunzia programu yake, kwamba violezo vinaweza kufutwa na gereza bila msaada wake, na kwamba malipo yake hayategemei wingi wa simu wala bei ya dakika. Huko Marekani gharama ya simu za magereza ilipanda hadi Bunge likapitisha sheria ya Martha Wright-Reed, iliyotiwa saini Januari 2023, ya kuiwezesha mamlaka ya mawasiliano kudhibiti bei hizo. Muuzaji akitoa mfumo bure kwa sharti kwamba atauza dakika mwenyewe, mkuu wa gereza amwombe bei ya kawaida ya ununuzi kwa maandishi, na akikosa kuitoa, zabuni itangazwe upya.